Adapta za chemba: bunduki ikikohoa, risasi ikizama, ganda likikwama

"Kaka, bunduki imelia kama mtu aliyekohoa. Nipige nyingine?"

Hakuna swali kuhusu adapta za chemba ambalo nimeulizwa mara nyingi kama hili, kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu. Jibu langu huja kabla sijauliza aina ya bunduki wala ya risasi: usipige. Ondoa kidole kwenye kifyatulio, elekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo, halafu tutafute kilichotokea.

Wengi wanaoniuliza ni wenzetu tunaoishi Marekani, wenye shamba dogo au wanaoingia msituni msimu wa sungura na kuchakuro. Huko adapta huuzwa dukani na kwa posta bila shida. Ni kipande cha chuma kilichochongwa kwa nje kiwe na umbo la risasi kubwa, na kwa ndani kikatobolewa chemba, yaani tundu risasi inapokaa, ya risasi ndogo. Zipo za shotigani: geji 12 kupokea geji 20, geji 28 au .410 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba; .410 ni upana kwa inchi). Zipo za raifoli: umbo la .308 Winchester au .30-06 kwa nje, na ndani inakaa risasi ya bastola ya .32 ACP. Faida yake inaeleweka. Risasi ya .308 ina nguvu ya joule 3,500 hivi, nyingi mno kwa sungura. Ile ya .32 ACP haifiki joule 200.

Adapta inageuza chemba peke yake. Mtutu unabaki na upana wake, pini inagonga palepale, na kitoa ganda kinavuta kama kilivyozoea. Karibu kila tatizo utakalolikuta hapa chini linatoka kwenye tofauti hiyo kati ya chemba mpya na mwili wa zamani.

Kabla hujafungua bunduki

Weka vitu vinne karibu: tochi ndogo, mdeki, yaani fimbo ya kusafishia mtutu, wa shaba au wa mti uliotiwa alama ya kalamu, kitambaa kikavu, na miwani ya kukinga macho. Mdeki uweke alama siku bunduki ikiwa tupu na safi: uingize kupitia mdomo wa mtutu hadi uguse nyuma kwenye bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) iliyofungwa, kisha chora mstari pale mdomo wa mtutu unapoishia. Siku ya mashaka mstari huo utakwambia kama kuna kitu ndani.

Soma maandishi ubavuni mwa mtutu. Kwenye shotigani utakuta geji na urefu wa chemba: milimita 70 (inchi 2¾), 76 (inchi 3) au 89 (inchi 3½). Soma na adapta. Isiyo na maandishi, au iliyochongwa na mtu kwenye karakana ya nyumbani, usiitie kwenye bunduki. Hapo sina mjadala. Bomba la maji na kipande cha chuma cha mashine havikupimwa kwa baruti.

Sheria naitaja kwa ufupi. Marekani, sheria ya shirikisho inamkataza mwenye visa ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine uliotajwa na sheria hiyo. Mkaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo. Kila jimbo nalo lina kanuni zake za risasi ipi iwinde mnyama yupi, kwa hiyo risasi ndogo ndani ya adapta inaweza kukuweka nje ya kanuni hata kama leseni yako ni halali. Na usiipakie adapta kwenye sanduku la safari ya kwenda nyumbani kabla hujawauliza wahusika wa leseni za silaha huko. Kenya imepiga marufuku uwindaji wa michezo tangu 1977, na Tanzania, ambako uwindaji wa leseni upo, ina masharti yake ya silaha na sehemu zake.

Dalili ya kwanza: mlio hafifu, bunduki haikusukuma bega

Risasi yenye nguvu kidogo ikilia vibaya, tofauti haisikiki sana, hasa ukiwa umeziba masikio. Kichwa cha risasi, kile kinachoruka, kinaweza kuwa kimesimama katikati ya mtutu na wewe ukadhani umekosa shabaha. Ukipiga ya pili, kichwa cha pili kinagonga cha kwanza, gesi inakosa pa kupita, na mtutu unavimba au unapasuka pale mkono wako wa kushoto ulipoushika.

Kwenye raifoli, sababu ninazokutana nazo ni hizi, kuanzia ya kawaida zaidi:

1. Safari ndefu na baruti kidogo. Risasi ya .32 ACP ilitengenezewa bastola yenye mtutu mfupi. Kwenye raifoli yenye mtutu wa sentimita 60 gesi inachoka kabla kichwa hakijatoka, huku msuguano ukiendelea kukibana.

2. Kichwa kinene kuliko mtutu. Cha .32 ACP kina upana wa inchi .312 hivi, na mifereji ya mtutu wa .308 (mikato ya ndani inayozungusha kichwa) ina inchi .308. Kichwa cha madini ya risasi pekee, yaliyo laini, hujibana na kupita. Kilichovikwa shaba ni kigumu zaidi, na kwa baruti ileile kinapata taabu.

3. Gesi kuvuja mwanzoni. Risasi ndogo inakaa nyuma ndani ya adapta, kwa hiyo kichwa kinasafiri kidogo kabla ya kushika mifereji. Adapta ikiwa imechakaa mdomoni, gesi inakipita kichwa njiani.

4. Risasi mbovu: iliyokaa kwenye unyevu, au iliyojazwa upya na mtu ambaye mkono wake uliruka kipimo cha baruti.

5. Mafuta mengi ndani ya chemba ya adapta, yakapenya hadi kwenye fataki (kile kinachogongwa na pini na kuwasha baruti) au baruti.

Ukaguzi ni huu. Subiri dakika nzima huku mtutu ukielekea pasipo na mtu, kwa sababu huwezi kujua kwa sikio kama risasi imekwisha kuwaka au inachelewa. Fungua, toa adapta na ganda. Hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Halafu mulika kwa tochi kutoka nyuma uone kama mwanga unatokea mbele, au pitisha mdeki wenye alama. Ukiona duara kamili la mwanga, mtutu ni mzima. Ukiona giza, au mstari wa mdeki ukabaki nje, kichwa kipo ndani.

Kikiwa ndani, kazi yako imeishia hapo. Usikifukuze kwa risasi nyingine, wala kwa risasi isiyo na kichwa, wala usipige mdeki wa chuma kwa nyundo. Nimeona mtutu wa raifoli nzuri uliokwanguliwa mifereji na fimbo ya chuma ya kujengea. Kichwa chenyewe kilitoka kwa fundi kwa dakika chache, lakini mtutu haukupona. Fundi bunduki anatumia fimbo ya shaba inayolingana na upana wa mtutu, anajua upande wa kusukumia, na baadaye anapima kama mtutu umevimba.

Kwenye shotigani habari ni tofauti kidogo. Marisaa, zile punje za shotigani, hayakwami, ila kikombe cha plastiki kinachoyabeba kinaweza kubaki. Kikombe cha .410 kimetengenezewa mtutu wa milimita 10.4. Kikitoka kwenye adapta fupi kinaingia kwenye mtutu wa geji 12 wenye milimita 18.5, gesi inakizunguka pande zote, na mara mojamoja kinadondoka palepale kama punje kwenye bomba. Bunduki ya kukunja, ile inayokunjika nyuma ya mtutu, inafunguka kwa sekunde mbili, basi ifungue na uchungulie mtutu baada ya kila mlio unaoutilia shaka. Kikombe kilicholegea hutoka kwa mdeki bila nguvu. Kilichoyeyuka na kushika ukuta mpelekee fundi.

Dalili ya pili: bunduki haifungi, au risasi ndogo imezama mtutuni

Ziko mbili hapa, na nimeziweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu anayelazimisha ya kwanza huwa hajaangalia kama ya pili ipo.

Bunduki isipofunga, mara nyingi ni uchafu: masizi nyuma ya ukingo wa adapta, chembe ya mchanga, kipande cha nyasi. Adapta inakaa nje kwa unene wa karatasi mbili na bunduki inagoma. Futa pande zote mbili, adapta na chemba, jaribu tena bila risasi. Ikifunga tupu na kukataa ikiwa na risasi, tatizo ni risasi: ukingo wa kitako chake haujazama kwenye kitanda chake, au ganda limevimba, au umetia risasi ya milimita 76 kwenye adapta ya 70. Hiyo ya mwisho ni ya hila, kwa kuwa ganda la shotigani lililokunjwa mdomo linaonekana fupi kabla ya kupigwa. Linaingia vizuri, lakini likifunguka wakati wa kulia linakosa nafasi, linabana mdomo wa chemba na shinikizo linapanda. Soma namba kwenye ganda, usipime kwa macho.

Isipofunga hata ikiwa tupu na safi, angalia kama pengo la kitoa ganda limekaa sambamba na kitoa ganda cha bunduki. Zungusha adapta taratibu. Ikiendelea kugoma, huenda imetengenezewa chemba ndefu kuliko yako. Usiisukume kwa kiganja, usiibane kwa magoti, usiipige msasa. Irudishe ulikoinunua.

Sasa hiyo ya pili, ambayo ingekuwa juu yangu ningeibandika mlangoni kwa kila mwenye adapta.

Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 *bila adapta*, haidondoki nje. Inateleza, inapita chemba, na inakwama pale mtutu unapoanza kubana, kwa sababu ukingo wa kitako chake hauwezi kupita hapo. Ukichungulia haraka unaona chemba tupu. Unatia risasi ya geji 12 nyuma yake, inaingia bila kizuizi, bunduki inafunga kama kawaida. Ukifyatua, risasi ya nyuma inagonga fataki ya ile ya mbele na zote mbili zinalipuka mtutu ukiwa umezibwa. Mtutu hupasukia karibu na mkono unaoushika.

Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano. Hiyo ni alama ya hatari, haikuchaguliwa kwa urembo. Mwenye adapta yuko karibu na ajali hii kuliko mwingine yeyote, kwani yeye hutembea na geji mbili mfuko mmoja. Anatoa adapta apumzishe, anasahau, anatia ya njano moja kwa moja.

Kinga yake ni mazoea. Geji 12 zikae mfuko wa kulia, adapta zikiwa zimekwisha kutiwa risasi za geji 20 zikae mfuko wa kushoto, na risasi ya njano isiguse chemba ikiwa nje ya adapta. Mimi siku nikitumia adapta, za geji 12 naziacha nyumbani kabisa. Na ukihesabu risasi ukakuta ya njano moja haionekani, usitie nyingine. Fungua, mulika mtutu kutoka nyuma na mbele.

Ukiiona imezama, usiisukume kwa mdeki kutoka nyuma, kwani fataki yake inakutazama wewe. Usiigonge popote. Acha bunduki wazi, iweke chini mtutu ukielekea pasipo na watu, na umwite msimamizi wa uwanja wa shabaha au fundi. Huyo anajua namna ya kuitoa.

Dalili ya tatu: pini imegonga, kimya

Shikilia hivyohivyo. Mtutu mbele, dakika nzima. Risasi iliyochelewa kuwaka haina haraka ya kukujulisha.

Baada ya hapo fungua na utazame alama ya pini kwenye fataki. Alama hiyo inasema mengi.

Ikiwa hakuna alama kabisa, adapta haikukaa mwisho, au pini ya bunduki haifiki. Rudia ukaguzi wa uchafu.

Ikiwa alama ni nyepesi, risasi imekaa mbele kuliko inavyotakiwa, ikasukumwa na pini badala ya kugongwa. Hili huletwa na kitanda cha ukingo kilichochongwa kina mno, na kwa adapta iliyotumika muda mrefu huletwa na uchakavu. Lakini anza na rahisi: pini yenye mafuta mazito siku ya baridi kali ya kaskazini hupoteza kasi. Isafishe iwe kavu.

Ikiwa alama ni nzuri na ya kina, lawama ni ya risasi. Usiigonge mara ya pili ukiitumaini. Itenge, mpe msimamizi wa uwanja.

Kwa wanaotumia .22 kwenye adapta ya .223 kuna jambo la pekee. Risasi ya .22 ina fataki ndani ya ukingo wa kitako, si katikati, ilhali pini ya .223 inagonga katikati. Watengenezaji hutatua hilo kwa kutoboa chemba ndogo pembeni kidogo ya kitovu, ili katikati ya bunduki ikutane na ukingo wa risasi. Risasi isipokaa sawasawa kwenye tundu hilo, pini inaangukia patupu. Itoe, safisha kitanda chake, irudishe hadi ukingo ulale kabisa.

Usiguse pini kwa tupa wala kuirefusha. Pini ndefu hutoboa fataki, na gesi inarudi kupitia tundu hilo kuelekea jicho. Pini ni kazi ya fundi.

Dalili ya nne: ganda au adapta haitoki

Hapa kuna usumbufu zaidi kuliko hatari, nami nitakwenda mbio. Adapta nyingi hazina kitoa ganda chao. Bunduki inaitoa adapta nzima, kisha wewe unasukuma ganda kwa kijiti cha mti kutoka mbele ya adapta. Wanaodhani imeharibika mara nyingi hawakujua hivyo tu.

Ikikwama kweli, acha ipoe kwanza. Chuma kilichopata joto kimetanuka, na baada ya dakika kumi huachia chenyewe. Ikikataa, ni masizi: .410 na .22 huacha uchafu mwingi. Adapta zenye vipete vya mpira kwa nje hukwama kipete kikikatika na kujikunja, kwa hiyo badilisha kipete na upake mafuta kidogo kwa nje tu. Ndani ya chemba pawe pakavu.

Kutoa adapta iliyokwama, hakikisha kwanza kwa macho kwamba ganda limekwisha kulia, fataki ina alama na mdomo umefunguka. Ndipo upitishe fimbo ya mti kutoka mdomo wa mtutu na ugonge polepole. Ikiwa ndani kuna risasi nzima, fimbo isiingie mtutuni. Na ikiwa maganda yanakwama kila mara, hata adapta ikiwa safi, tazama kama yametoka yamevimba au kupasuka kando. Hapo umekwisha kufika dalili ya sita.

Dalili ya tano: inapiga kombo

Malalamiko haya ni mengi, na mara nyingi bunduki haina kosa. Raifoli uliyoirekebisha kwa .308 haiwezi kuweka risasi ya polepole mahali palepale. Ya .32 ACP inatoka kwa mita 275 hivi kwa sekunde, polepole kuliko sauti, na inashuka mapema. Anza kulenga kwenye mita 15 hadi 20, piga tano, tazama zimekusanyika wapi. Zikikusanyika, hata kama ni chini sana, adapta ni nzima na tatizo ni kulenga. Andika tofauti hiyo kwenye karatasi badala ya kuvuruga darubini kila siku.

Zikitawanyika, fuata mpangilio huu: safisha mtutu, kwani madini laini huacha utando kwenye mifereji, jaribu aina nyingine ya risasi, kisha kagua mdomo wa adapta. Kwa .22 ndani ya .223, upana wa kichwa unalingana, lakini msokoto haulingani. Mtutu wa .22 huzungusha kichwa mara moja kwa kila inchi 16, na wa .223 mara moja kwa inchi 7 hadi 12. Ongeza kwamba kichwa kinatoka kwenye tundu la pembeni na kukwanguliwa kikiingia mtutuni. Usitegemee ubora wa bunduki halisi ya .22.

Matundu marefu ya ubavu kwenye karatasi, badala ya duara, yanaonyesha kichwa kinapinduka hewani. Kwa shotigani hutokea mtu anapopiga risasi ya bastola, tuseme .45 Colt, kupitia adapta isiyo na mifereji. Hakuna cha kurekebisha hapo. Kichwa hakikuzungushwa na hakitanyooka, na hujui kitaishia wapi. Mimi siipigi.

Kuhusu marisaa, adapta fupi inayaachia ndani ya mtutu mpana, yanatawanyika mapema. Kipimo cha kawaida ni duara la sentimita 76 kwenye umbali wa mita 36.5, yaani yadi 40. Anzia mita 15 na urudi nyuma taratibu, uone umbali ambao duara linaanza kuwa na mapengo ya kumpitisha sungura mzima. Huo ndio mpaka wako wa kuwinda, na ukiupita utamjeruhi mnyama aende kufia kichakani. Wachezaji wa skiti, mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa hewani, hawatumii adapta fupi. Wanatumia mirija inayofika hadi mdomoni mwa mtutu, kama ya Briley ya Houston, na marisaa yao yanatoka kama kwenye bunduki ya geji hiyo hasa.

Dalili ya sita: moshi unarudi usoni, ganda limepasuka, fataki imetoboka

Hapa hakuna ukaguzi rahisi wa nyumbani. Acha kupiga siku hiyo.

Kinachosababisha mara nyingi ni chemba ya adapta iliyo pana kuliko risasi, kwa uchongaji mbaya au uchakavu: ganda linatanuka hadi linapasuka. Baada yake ni ukingo wa kitako usioshikwa vizuri. Kisha risasi yenye nguvu kupita ile ambayo adapta iliandikiwa. Mwisho, na ndilo baya zaidi, ni adapta yenyewe kupata ufa. Ipake mafuta mepesi, ifute, isubiri: ufa utaonyesha mstari wa mafuta yanayochuruzika tena. Ukiuona, isitumike tena hata kwa risasi dhaifu. Usipouona, bado haijapona. Fundi ana vifaa vya kupima ambavyo wewe huna.

Watu hunishangaa ninapowaambia kwamba risasi ndogo ya shotigani haina shinikizo dogo. Kiwango cha juu kinachokubaliwa Marekani kwa geji 12 ya milimita 70 ni pauni 11,500 kwa inchi ya mraba. Cha geji 20 ni 12,000, cha geji 28 ni 12,500, na .410 ya inchi 3 inafika 13,500. Basi mzee aliyerithi bunduki ya babu yenye mtutu wa nyuzi za chuma zilizosokotwa, anayetaka kuipigia geji 28 "kwa kuwa ni ndogo, haitaiumiza", anahesabu kinyume. Mtutu wa namna hiyo uoze wapi kwa ndani hauonekani. Bunduki hiyo iende kwa fundi kabla ya adapta yoyote, na akisema itundikwe ukutani, itundikwe.

Dalili ya saba: bunduki ya nusu otomatiki haikoki yenyewe

Haitakoki. Nguvu ya risasi ndogo haitoshi kusukuma mtambo, na adapta ikichomolewa kwa kasi inaruka na kugonga. Adapta za chemba ni za bunduki ya kukunja, au ya bolti kwa raifoli. AR-15, raifoli ya nusu otomatiki, inayopiga .22 haitumii adapta peke yake. Inabadilishiwa bolti nzima kwa seti maalumu, na lalamiko lake kubwa ni masizi kwenye njia ya gesi. Hilo ni somo jingine.

Ukienda kwa fundi

Bunduki iwe tupu na wazi, ndani ya mfuko wake, na risasi ziwe mbali nayo. Chukua adapta, hata iliyovunjika. Chukua maganda matatu au manne ya mwisho kwa mpangilio wa kupigwa, na boksi la risasi lenye namba ya toleo. Mwambie ulisikia nini kabla ya kumwambia unadhani ni nini: mlio ulikuwaje, bega lilisukumwa au halikusukumwa, moshi ulitokea wapi. Na kama kabla ya kusimama ulipiga nyingine baada ya ile iliyokohoa, mwambie hilo kwanza, usione haya. Atapima mtutu kwa ndani kutafuta pete iliyovimba, ambayo kwa nje haionekani wala haigusiki.